Kutoka Moshi wa Dizeli Hadi Juu ya Bati

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ngazi. Mtunza stoo aliihesabu vidato vyote, akaniwekesha saini, akanipa mkono, na kazi yangu ya miaka thelathini na ushei ikawa imekwisha. Nilitegemea hotuba. Badala yake nilipewa soda na ombi. Vijana wa karakana yetu ya umeme wa jua walisema, "Mama Kalunde, usiondoke na ujuzi wako kichwani. Tuandikie." Basi naandika. Vyeo sitavigusa, maana havikunijua, na mshahara hauna hadithi. Nitawaambia yale ambayo hamtayakuta kwenye kitabu kinachokuja ndani ya boksi la inveta.

Jina langu lenyewe lilikuwa mkosi wa kazi. Kwa Kinyamwezi ilunde ni wingu, na Kalunde ni kawingu kadogo. Fundi wa jua anayeitwa wingu! Wateja wa Nzega walikuwa wanacheka kabla sijafungua mkoba.

Nilizaliwa Sikonge, kwa wakulima wa tumbaku, na moshi niliujua kabla ya herufi. Bani la kukaushia tumbaku halilali, na kuni zake tulizikata sisi wenyewe porini. Nilipokuwa mdogo tulikwenda kuzichukua nyuma ya nyumba. Nilipofika darasa la saba tulikuwa tunaamka alfajiri na baiskeli ili tuzifikie. Hakuna aliyelisemea jambo hilo. Tuliona tu kwamba njia imekuwa ndefu.

Nilisoma umeme chuo cha ufundi, nikaajiriwa Tabora mjini kwenye karakana ya majenereta ya Mzee Nassor. Babu zake walitoka Omani na misafara ya biashara wakakaa hapa, naye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kukataa duka na kuchagua grisi. Siku ya kwanza nilifika nimevaa blauzi nyeupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kazini au harusini?"

Hakunipa kitabu wala spana. Alinisimamisha mbele ya bomba la moshi la jenereta la mashine ya kukoboa mpunga, akaniuliza naona nini. Nikasema naona moshi. Akasema, "Hiyo ni lugha, binti. Moshi mweusi, anakula kuliko anavyopumua. Wa buluu, anakunywa oili. Mweupe asubuhi ni baridi tu, mweupe mchana ana maji tumboni." Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni mwangu. Nilisikia vyuma vikisemezana ndani kama wanawake kisimani. Nilimpenda mzee yule kuanzia hapo, ingawa blauzi haikupona.

Nilikaa naye miaka tisa. Tulizunguka na majenereta ya shule, ya nyumba za wageni, ya visima, ya zahanati. Ukikatika umeme mjini, na wakati huo ulikuwa na desturi ya kukatika, Tabora nzima ilinguruma na anga la juu ya soko likawa la kijivu. Sisi tulifurahi. Kwetu lile wingu lilikuwa kazi.

Halafu ukaja mradi wa kuweka paneli za jua kwenye mapaa ya zahanati na shule za vijijini, ukatafuta mafundi wa umeme wasioogopa kupanda juu. Nilipeleka jina langu nikitegemea kukataliwa. Kwenye mafunzo, mkufunzi mmoja mwembamba alituambia kwamba moshi tunaouona ni mtoto tu, na mama yake haonekani. Mama huyo ni hewa ukaa, inayotoka kwenye dizeli, mafuta ya taa na kuni, ikapanda ikakaa juu na kuifunika dunia kama blanketi juu ya mtu mwenye homa. Miaka tisa nilikuwa nikitibu watoto bila kujua wana mama.

Nilipomuaga Mzee Nassor, aliigonga paneli ya mfano niliyokuja nayo kwa kucha, kama mtu anayenunua sahani.

"Jua halina spea," alisema. "Na kitu kisicho na moshi wala sauti, kikiumwa utajuaje?"

Nilicheka tu, nikaondoka. Swali hilo lilinisubiri katika kijiji cha Ipole.

Kabla ya Ipole lakini kulikuwa na kijiji cha Lusu, na niwaambie ya Lusu ili msiyarudie. Lilikuwa paa langu la kwanza, ofisi ya walimu. Wazee walikuja kuangalia mwanamke akipanda juu, wakanisalimu "Mwangaluka" kwa adabu, wakakaa kabisa kwenye viti walivyokuja navyo. Nilifanya kazi nzuri, waya zimenyooka kama mistari ya daftari. Ila matundu ya boliti niliyatoboa kwenye mabonde ya bati badala ya migongo. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yote yalifuata boliti zangu yakamshukia mwalimu mkuu mezani, juu ya mitihani. Alinipigia simu akasema kwa upole, "Fundi, umeme tunao. Sasa umetuletea na bomba." Toboa mgongoni, vijana. Bonde ni la maji.

Sasa Ipole. Zahanati ile ilikuwa na friji ya chanjo ya mafuta ya taa, inayofuka moshi kutwa, na jenereta la dizeli lililowashwa mafuta yakipatikana. Mwezi wa Agosti, mimi na wenzangu tuliweka paneli sita juu ya paa, friji mpya, na taa katika chumba cha kujifungulia. Muuguzi mkunga, Sista Veronika, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, aliitoa nje ile friji ya zamani kwa mikono yake mwenyewe. Septemba alinipigia kunishukuru. Oktoba alinipigia kunisalimu. Novemba alinipigia akasema, "Kalunde, jua lako limekufa."

Friji ilikuwa inapiga king'ora kila alfajiri. Nilikwenda nikapima maji ya betri, nikasafisha vichwa vyake, nikakaza kila waya. Vyote vizima. Nikarudi mjini. Baada ya wiki, simu. Nikaenda nikabadilisha kidhibiti cha chaji, nikarudi. Simu tena. Safari hii alikuwa na mwenyekiti wa kamati ya zahanati pembeni yake, na mwenyekiti alikuwa ameandika barua. Aliomba jenereta lirudishwe kutoka stoo na paneli zije zichukuliwe. Nakala alivipelekea vijiji vitano vilivyofuata kwenye orodha yetu, na vyote vitano vilituma neno kwamba watasubiri kwanza waone ya Ipole.

Nilikwenda kwa Mzee Nassor. Nilitegemea anicheke, na alinicheka, kisha akaniletea kahawa.

"Umekisikiliza?"

"Mzee, hakina sauti."

"Moshi?"

"Hakina."

"Basi kaa nacho kutwa. Mgonjwa asiyesema anauguzwa kwa kukaa naye. Nyinyi mnakwenda, mnapima mara moja, mnawahi basi la kurudi."

Jumanne asubuhi nilikuwa Ipole kabla jua halijachomoza, na daftari na mita. Kila nusu saa nilipanda, nikapima, nikaandika. Saa moja, chaji ilianza kuingia vizuri. Saa mbili na nusu ilikuwa imeanguka karibu na sifuri, na anga lilikuwa jeupe bila doa. Nilipima tena. Nikapima waya mmoja mmoja. Kijasho kikaanza kunitoka, si cha jua bali cha aibu. Saa tatu nikaweka kiganja juu ya bati ili nijivute juu, na kiganja kikasema kabla sijafikiri: bati lilikuwa baridi. Bati la Ipole saa tatu asubuhi, siku isiyo na wingu, linatakiwa kukuchoma.

Niligeuka. Nyuma ya uzio, upande wa mashariki, ulisimama mti mkubwa wa mtundu wenye majani mapya. Jua la saa moja lilikuwa limepenya chini ya matawi yake, lakini sasa lilikuwa limepanda nyuma ya majani, na kivuli cha mti kilikuwa kimelala juu ya paneli mbili kati ya sita. Mbili tu. Lakini paneli zilizofungwa kwenye safu moja ni kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akisimama, maji hayafiki. Agosti, tulipofunga, mti ule ulikuwa mtupu kama ufagio, maana miti ya miombo hupukutisha majani kiangazi. Nami nilikuja mchana, jua likiwa upande mwingine. Majani yakaota kabla ya mvua kama kawaida yake. Mvua zilipoanza, mawingu yakawa yanafunga kila mchana, na betri zikabaki zinategemea zile saa za asubuhi tu. Saa hizo ndizo nilizoupa mti. Mimi, mtoto wa Sikonge, niliyekulia ndani ya miombo, nilisahau kwamba miti ina majani.

Niliwaita Sista na mwenyekiti nikawaeleza. Mwenyekiti alifurahi kuliko nilivyotegemea.

"Kumbe ni mti tu! Leteni msumeno. Saa moja kazi imekwisha."

"Msumeno wa nani?" Sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. Alikuwa Mzee Mihayo, mfuga nyuki, mwenye mzinga wa gogo juu ya mtundu ule. Alikuwa mtu mkavu, mwenye hasira za karibu, na sina hakika kama alipenda kiumbe chochote chenye miguu miwili.

"Mzee, huu ni mti mmoja, na zahanati ni ya watu wote," alisema mwenyekiti.

"Mzinga ule niliupandisha hapa pakiwa pori. Zahanati ndiyo iliyomfuata nyuki. Nyuki hakuifuata zahanati."

Wote wakanigeukia. Nakiri kwamba kwa hesabu ya siku ile mwenyekiti alikuwa sahihi. Msumeno ungenirudisha mjini jioni na barua ingefutwa. Lakini nilijua pia ule mti ungekwenda wapi ukianguka. Ungekwenda kwenye bani. Nikakumbuka ile njia ya kuni iliyokuwa ikirefuka, na baba akisukuma baiskeli. Ningeukata mti uliokuwa umeifungia ndani hewa ukaa ya miaka yote hiyo, niupeleke ukachomwe, kisha nikajaze fomu ya mradi kwamba nimepunguza moshi. Hata fomu ingeona haya.

"Mti ubaki," nikasema. "Paneli ndizo zitakazohama."

"Zihamie wapi?"

Nikaonyesha nyumba ya watumishi, upande wa magharibi wa uwanja, mbali na kivuli. Mwenyekiti akauliza ni siku ngapi. Nikasema mbili. Hapo Sista Veronika akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Chanjo nimezipanga kwenye boksi la baridi pamoja na barafu, asubuhi hii. Barafu hii itafika Alhamisi asubuhi. Haitafika mchana. Na Alhamisi hiyo kina mama wanakuja na watoto kutoka vijiji vyote, wengine wametembea tangu jana yake. Umenisikia, Kalunde?"

Nilimsikia. Nilianza kufungua boliti saa ile ile, mwenyekiti akanishikia ngazi huku akinung'unika kwamba mti mmoja unawapa watu wazima adhabu.

Paneli nne zilishuka salama. Nilipoinua ya tano, nikakuta kundi changa la nyuki limejipachika chini yake, kwenye ile nafasi kati ya paneli na bati, mahali pakavu penye joto la kutosha. Ni pazuri sana kwa nyuki. Mimi nisingepachagua tofauti. Wao na mimi tulishangaana kwa muda mfupi, kisha nikashuka chini bila kutumia ngazi. Mwenyekiti alikuwa ameshaiacha. Alikimbilia mlango wa karibu na kujifungia.

Sista alipaza sauti kutoka dirisha la pili. "Mwenyekiti! Hicho ni chumba cha kujifungulia!"

"Leo najifungua, Sista! Niache!"

Mzee Mihayo alikuja akitembea taratibu, ameshika mwenge wa magome unaofuka. Alipanda, akawafukizia wale nyuki kwa upole ambao hakuwahi kuutumia kwa binadamu, akawakung'utia kwenye kikapu. Aliposhuka, mimi nikiwa nimevimba sikio na mdomo wa juu, aliangalia moshi wake, kisha akaliangalia daftari langu.

"Huu usiuandike," akasema.

Nilicheka hadi mdomo ukauma. Na yeye, naapa, alitabasamu.

Usiku ule mdomo ulinizuia kula lakini haukunizuia kupiga hesabu. Umbali mpya ulihitaji waya mnene ambao sikuwa nao. Nilichukua waya mwembamba nikauvuta mara mbili sambamba, ukafanya kazi ya mmoja mnene. Si jambo la kujivunia, na baadaye niliurudia vizuri, lakini mlijue. Jumatano saa tano asubuhi paneli zote sita zilikuwa juu ya nyumba ya watumishi, boliti zimepita migongoni mwa bati. Niliwasha. Chaji ikapanda, ikaendelea kupanda. Mchana mzima nilikaa uwanjani nikiangalia kila wingu kama mkwe asiyealikwa. Lilikuja moja, likapita mbali.

Alhamisi kulipokucha Sista Veronika aliniita. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji na tochi, akisoma kipimajoto.

"Nne," alisema. "Nyuzi nne."

King'ora hakikulia. Alifungua boksi la baridi. Barafu ilikuwa imebaki vipande vyembamba vinavyoelea. Alizihamisha chanjo moja moja mpaka ya mwisho. Kisha akakaa sakafuni, akajipangusa uso kwa kanga, akasema, "Haya. Nenda ukaoge, unanuka moshi wa Mihayo." Nje, kina mama walikuwa wameshaanza kufika, na watoto wakilia kabla hawajachomwa.

Mwenyekiti aliichana barua yake mbele yangu, na yeye mwenyewe akasafiri kwenda vile vijiji vitano. Nasikia katika maelezo yake ni yeye aliyegundua kivuli. Sikumsahihisha. Vijiji vyote vitano viliweka paneli, na kila nilipofika, kitu cha kwanza nilichouliza ni kama miti ya pale inapukutisha majani.

Baada ya Ipole mradi ulinipa kazi ya kujaza taarifa za dizeli ambayo haikuchomwa. Si kazi rahisi kuhesabu kitu ambacho hakikutokea. Nilikwenda kumuuliza Mzee Nassor kila jenereta lilikuwa linakunywa kiasi gani, naye aliyajua yote kwa kichwa, ya shule fulani, ya kisima fulani, hata tabia zao. Alikuwa ananitajia kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu, lakini hakunidanganya hata lita moja. Kwa hiyo mkisoma zile taarifa za zamani mjue zilitoka kwa mtu aliyekuwa anapoteza wateja kila mstari.

Sitawadanganya na mimi. Paa moja halipoozi dunia. Nimekaa kwenye mikutano ambako watu wanazungumza kana kwamba paneli ni dawa ya kila kitu, na nikatamani kuwapeleka wakaone bani moja likiwaka. Na betri ya zamani ikitupwa nyuma ya nyumba, sumu yake inakwenda kisimani, na hapo tumebadilisha ubaya tu. Irudisheni kila betri, hata ikiwapotezea nafasi ya mzigo kwenye gari. Ila nimeona pia zahanati ambako watoto wanazaliwa bila mkunga kukohoa moshi wa kibatari, na shule ambazo pipa la dizeli limekuwa la kutunzia maji ya mvua. Mapaa yale ni mengi sasa. Ukitoka Tabora kwenda Nzega unayaona yaking'aa njia nzima, na mimi mengine nayajua kwa boliti zake.

Mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu, Mzee Nassor alinipigia simu. Sasa ni mzee sana, anatembea na mkongojo. Watu waliacha siku nyingi kumletea majenereta, na mjukuu wake wa kike ameigeuza karakana kuwa ya kutengeneza inveta za umeme wa jua. Lililobaki ni lile jenereta kubwa la karakana yenyewe, alilozoea kuliwasha umeme ukikatika, na kulijaribu hata ukiwepo.

"Mjukuu anataka vioo vyako juu ya paa langu," alisema. "Nimemwambia akija mwingine simfungulii. Njoo wewe."

Nilikwenda. Nilifunga paneli nane, siku mbili, naye alikaa chini kwenye stuli akinipigia kelele kwamba nimepinda. Sikuwa nimepinda. Siku ya pili umeme wa mjini ulikatika tukiwa kazini, na kwa mazoea akaliwasha jenereta lake, likanguruma karakana nzima kama siku zote. Nilipomaliza kuunganisha nikashuka, nikamwambia, "Mzee, tayari. Lizime."

Alinyanyuka. Alifika kwenye injini, akaweka kiganja juu yake kidogo, kama unavyomshika ng'ombe uliyemuuza. Kisha akavuta waya wa kuzimia. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Taa zikabaki zinawaka. Feni ikabaki inazunguka.

Miaka yote niliyoijua, karakana ile haikuwahi kuwa kimya mchana; kama si injini, ni nyundo na drili. Ndipo tukasikia, kutoka ng'ambo ya ukuta wa mabati, cherehani ya fundi nguo wa jirani, na juu yake sauti ya mwanamume inayoimba. Aliimba kwa nguvu, bila wasiwasi, kama mtu ambaye amezoea kutosikiwa na yeyote.

Mzee Nassor alinitazama kwa macho makubwa. "Huyo ni Hamisi?"

"Ni Hamisi, Mzee."

"Yuko hapo miaka ishirini. Sikujua anaimba!" Akainamisha kichwa, akasikiliza ubeti mzima. "Na vibaya hivyo!"

Kisha akavuta stuli yake, akaisogeza hadi ukutani, akakaa.